Nestory wa Pembeni mwa Picha

Vijana wa siku hizi pale Bagara, ukiwaambia kwamba zamani mtu alitoka Singe kwa miguu, kavaa nguo za kanisani, ili aje kujitazama akila pilau, watakucheka mpaka wakae chini. Wao harusi wanaiona ikiwa bado inaendelea. Bwana harusi hajamaliza kukata keki, tayari keki imeshafika Dodoma kwenye simu ya shangazi. Sawa, wafaidi. Lakini sebule ya Nestory hawakuiona, na mimi huwa nawaonea huruma kwa hilo.

Ilikuwa sebule ya kawaida tu, nyumba ya matofali ya kuchoma, nyuma yake shamba la mahindi na mbaazi. Ndani kulikuwa na runinga ya chogo iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, deki ya video chini yake, na mabenchi ya kuazima kigangoni. Nestory alikuwa na kamera ya kubeba begani wakati ambapo mtaa mzima haukuwa nayo hata moja. Alipiga video za harusi, za komunyo ya kwanza, za mapadri wapya. Familia ilipewa kanda yake, lakini kanda bila deki utaifanyia nini? Kwa hiyo Jumapili baada ya misa watu walikuja kwake, wakajibana kwenye mabenchi, jenereta ikanguruma nyuma ya nyumba maana umeme wa siku zile ulikuwa wa kubahatisha, na harusi ikaanza upya.

Irine, kitindamimba wake, alikaa sakafuni ubavuni mwa deki. Pale runinga aliiona kwa taabu, ila uso wa baba yake aliuona vizuri. Na baba yake hakuitazama runinga. Aliweka kigoda pembeni, kidole kwenye kitufe, akatazama watu. Kicheko kikilipuka alirudisha kanda kidogo kabla hajaombwa, kwa sababu alijua nusu ya chumba wamecheka na nusu wanauliza kuna nini. Bibi akinyanyua ncha ya kanga kufuta jicho, alisimamisha. Na hapo ndipo palipokuwa na utamu wenyewe. Picha ikisimama, ikitetemeka kidogo na michirizi yake, mtu mzima mmoja aliinuka akaenda mbele, akawataja waliomo kwa kidole, mmoja mmoja, ili watoto wawajue. Huyu ni babu yenu wa Dareda. Huyu ndiye aliyewaleta shangazi zenu mjini. Huyu ameshatangulia mbele ya haki. Nestory alisubiri mpaka kidole kifike mwisho wa mstari, ndipo akaachia kanda iendelee.

Neno lililotawala chumba kile lilikuwa "Rudisha!" Kila mtu alilisema, lakini hakuna aliyelisema kama Marietha, mke wa mwenye deki. Alikuwa akitoka jikoni na birika la chai, anakuta amepitwa, anasimama mlangoni na kusema kwa utulivu, "Rudisha, Baba Wiliam." Chumba kizima kiliguna kwa utani, kwamba sasa tutalala hapa. Nestory alirudisha.

Ubaya wa kazi ile ni kwamba Nestory mwenyewe hakuwemo kwenye kanda yoyote. Angekuwemoje, na kamera iko begani kwake? Alikuwemo kwenye moja tu, ile ya harusi ya Nakwa, mwalimu Josephine alipoolewa na Octavian. Marietha siku ile alikuwa jikoni kwenye masufuria. Picha za ukoo zilipokwisha, Josephine, na shela lake, akasema, "Na mama zangu wa jikoni nao wapigwe." Wapishi wakaja wakipangusa mikono, wananuka moshi, wakajipanga wakakakamaa. Nestory akawafokea, "Tikisikeni jamani, hii siyo picha mnato!" Hakutikisika mtu. Basi akaiweka kamera kwenye miguu yake mitatu, akaiacha ikichukua, akakimbia na shati lake la maua kwenda kusimama pembeni ya mke wake, akamtengeneza kitenge kilichokuwa kinateleza begani. Alisimama pembeni kabisa, kwa sababu upepo ulikuwa unavuma kutoka ziwani na alitaka awe karibu kuiwahi kamera isianguke. Kisha akakimbia kurudi.

Ndiyo hadithi yote. Ni fupi, wala haina maajabu. Lakini Marietha aliisimulia kwa kila mgeni aliyekanyaga sebule ile, na kila alipoisimulia mkono wake ulipanda wenyewe mpaka begani.

Nestory alifariki kwa maradhi ya kifua Irine akiwa sekondari. Iliyobaki ya sura yake ni picha ya kitambulisho iliyokuzwa kwa ajili ya msiba, imenuna, inamwonyesha kama mtu anayesubiri zamu yake ofisini. Deki ilikula kanda ya mwisho ikafa nayo. Kanda nyingine zilitiwa kwenye gunia, gunia likaingizwa stoo pamoja na mbaazi, na siku Wiliam, mtoto wa kwanza, alipokwenda kulifungua, alikuta ukungu mweupe na viota vya panya. Marietha alisema ni vitu tu. Usiku huo hakula.

Irine alikwenda kusomea kompyuta Dodoma, akafanya kazi Arusha, kisha akarudi Bagara kuishi na mama yake, maana magoti ya mama yalikuwa yameanza kugoma na kazi yenyewe ilihitaji umeme na mtandao tu. Kampuni ilikuwa ndogo, watu wachache chini ya kijana mmoja mchangamfu aitwaye Aminiel, aliyebaki Arusha. Walikuwa wanatengeneza programu ya familia kuhifadhi na kutazama video za shughuli zao, kwenye simu, kwenye kishikwambi, kwenye kompyuta na kwenye runinga. Sehemu ya Irine ilikuwa moja tu: pale mtu anapobonyeza na video ikaanza.

Ukimsikia mtu anasema hiyo ni kazi ndogo, mwulize amewahi kutazama mazishi ya mjomba wake yakikwama katikati ya kushusha jeneza. Irine aliichukulia kazi ile kwa moyo wote, na kila alipokwama alijiuliza baba angefanya nini na kidole chake. Mtandao ukidhoofika, programu yake ilikubali sura zififie kidogo lakini sauti isikatike, maana bora uso wa padri uwe na ukungu kuliko kiapo kikatwe nusu. Kitufe cha kurudisha nyuma alikiweka kikubwa, chini, pale kidole gumba kinapofika chenyewe. Ukisimamisha picha, vitufe vyote vilitoweka, kwa sababu alichukia zile programu ambazo ukisimamisha ili umwone mtu zinakubandikia alama kubwa katikati ya uso wake. Video ikiisha ilitulia hapo hapo, haikuparamia kuleta nyingine. Watu wakishamaliza kutazama harusi ya marehemu dada yao wanahitaji kukaa kimya. Na ukiishia mahali kwenye simu, ukafungua kwenye runinga, ilikusubiri pale pale. Aminiel alikuwa akimtania kwamba anatengeneza programu yenye adabu kuliko wao wenyewe.

Jambo moja tu walilipitisha bila kulifikiria. Watu wengi hushika simu wima, na hawaigeuzi hata uwaombe. Video iliyo pana, simu ikiwa wima, inakaa katikati kama mkanda, na juu na chini panabaki weusi. "Weusi ule unafanya simu ionekane mbovu," Aminiel alisema. "Picha ijaze kioo." Irine alikubali, tena kwa furaha. Walijaribu na video za siku hizi, ambazo nazo hupigwa kwa simu iliyosimama wima, na kioo kilijaa vizuri mno.

Kisha, Jumapili moja nje ya kanisa, mwalimu Josephine alimshika Irine mkono. Habari kwamba Irine anatafuta kanda za zamani zilikuwa zimefika hadi Nakwa.

"Sisi ya kwetu ipo," alisema. "Iko kwenye sanduku, pamoja na nguo za ubatizo za watoto. Sijui kama ni nzima."

Ilikuwa nzima. Irine aliipeleka Arusha kwa mzee mmoja mwenye deki inayofanya kazi, na baada ya siku chache ikarudi ikiwa imehamishwa, tayari kuingizwa kwenye programu. Aliiingiza bila kuitazama. Alijiapiza kwamba hatamwona baba yake kabla ya mama yake. Hamu alikuwa nayo, lakini alijizuia. Nakala nyingine akamtumia mwalimu Josephine kwenye programu hiyo hiyo, kwa kuwa ilikuwa harusi yake.

Jumapili iliyofuata, baada ya chai, alikaa ubavuni kwa mama yake kwenye kochi. Simu ilikuwa ya Marietha mwenyewe, ameishika wima kwa mikono miwili. Ilikuwa imefungwa isijizungushe, kwa sababu siku moja ilijigeuza akadhani imeharibika.

"Haya mama. Bonyeza hapo."

Marietha akabonyeza. Tarumbeta zikalia, na Nakwa ya zamani ikatokea, na bati za zamani, na Mlima Kwaraa nyuma ukiwa vile vile. Marietha alicheka, akawataja watu, akarudisha mwenyewe kwa kidole gumba bila kufundishwa. Irine aliona kitufe chake kinafanya kazi na moyo ukamfura kwa fahari. Kisha Josephine wa ujana akasema maneno yake kuhusu mama zake wa jikoni, na Marietha akasogea hadi ukingoni mwa kochi.

"Sasa," alisema. "Sasa anakuja."

Wapishi walijipanga. Sauti ya Nestory ilisikika kutoka nyuma ya kamera, ile ile, nene, yenye haraka, "Tikisikeni jamani, hii siyo picha mnato!" na Irine akajikuta analia hapo hapo. Kamera ikatulia. Marietha wa zamani, mwembamba, alikuwa amebanwa ukingoni mwa kioo. Alitazama mbele, akageuka pembeni akacheka, akatazama mbele tena. Kisha zikaja zawadi, na mbuzi.

"Rudisha," Marietha alisema. Irine akarudisha. Mama akatazama pua ikikaribia kugusa kioo. "Tena." Akarudisha tena.

"Hayupo," Marietha alisema.

"Labda kanda imekatwa hapo, mama. Labda yule mzee wa Arusha..."

"Nani akate? Mimi si huyo hapo, nacheka peke yangu. Kumbe nilijitungia, Irine. Miaka yote hii nawaambia watu uongo."

Akailaza simu mezani, kioo chini, akasema lazima atazame kuku.

Siku chache baadaye jirani yao Redempta alileta mtindi, na kama kawaida akachokoza, "Mama Wiliam, nasikia mmepata kanda. Baba Wiliam yumo na shati lake?" Irine alikuwa chumbani kwenye kompyuta yake. Alisikia mama yake anajibu, "Ni ya zamani, imefifia," kisha wakahamia kwenye bei ya mbaazi. Hadithi iliyosimuliwa kwenye sebule ile tangu Irine ana meno ya utoto ilikuwa imefungwa. Mkono wa mama haukupanda begani.

Irine aliogopa kuliko alivyoogopa siku ya msiba wenyewe. Kwenye msiba mama yake alilia, akaomboleza, watu wakamshika. Safari hii hakuna aliyekuja, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba Marietha anamzika mumewe tena, polepole, akiwa jikoni kwake. Kumbukumbu ile ndiyo pekee ambamo Nestory hakuwa mpiga video, wala mgonjwa, wala picha iliyonuna ukutani. Alikuwa mume tu aliyekimbia kuja kusimama na mkewe. Kama hakuja, basi Marietha alikuwa na nini? Irine akampigia mzee wa Arusha, naye akakasirika, akasema kanda ameihamisha yote, mwanzo hadi mwisho, hajakata hata chembe.

Ndipo mwalimu Josephine akapiga simu.

"Irine, hongera. Video yenu haikwami hata huku kwetu, na mtandao wetu unaujua. Nimeitazama kwenye kishikwambi cha kazi. Lakini nina swali."

"Shikamoo mwalimu. Swali gani?"

"Marahaba. Pale kwa wapishi. Huyu anayemtengeneza mama yako kitenge, mwenye mkono wa shati la maua, mbona hana kichwa?"

Irine alisimama. "Mkono gani, mwalimu?"

"Si mkono huu hapa. Mkono mzima mpaka begani, halafu mtu mwenyewe hamna. Octavian anasema ni mzimu, mimi nasema ni ninyi mmekata."

Irine alikimbilia simu ya mama yake iliyokuwa inachajiwa dirishani. Akafungua pale pale, kwa wapishi, akatazama bega la mama yake na si uso. Kitenge kilijivuta chenyewe. La, hakikujivuta. Ncha za vidole zilitokeza kutoka ukingoni mwa kioo, zikashika kitenge, zikapotea. Vilikuwa vidole vya mtu mwenye haraka. Kwenye simu nyembamba ya mama vilikuwa vidole tu. Kwenye kishikwambi cha mwalimu, ambacho ni kipana zaidi, vilikuwa mkono mpaka bega. Kadiri kioo kilivyopanuka ndivyo baba yake alivyoongezeka.

Alikaa chini kwenye sakafu ya saruji. Kanda ilikuwa nzima. Mama alikuwa mkweli. Ni Irine na Aminiel waliosema picha ijaze kioo, na picha ya zamani, ili ijaze kioo kilichosimama wima, lazima ikatwe kushoto na kulia. Na aliyesimama kushoto kabisa, kwa kuogopa upepo, ni Nestory. Mtoto wake mwenyewe ndiye aliyemtoa kwenye harusi pekee ambayo aliingia pichani.

Angeweza kuifungua kanda ile kwenye kompyuta, amwone dakika ile ile. Kidole kilikuwa tayari. Lakini kiapo ni kiapo. Akaruka mbele hadi kwenye zawadi, akaanza kuirekebisha programu kwa sehemu hiyo. Picha ikatoka nzima, ndogo, na weusi wake, na watu wakaanza kurudi. Kushoto akatokea Koisaba, rafiki wa Octavian kutoka Simanjiro, na shuka lake, ameshika kamba ya yule mbuzi ambaye hapo kabla alionekana kama anajiongoza mwenyewe. Kulia akatokea katekista wa zamani, marehemu, anatafuna. Mlangoni, wanawake wawili wazee ambao hakuna aliyewaambia wasogee katikati. Irine alicheka peke yake na machozi yanamtiririka. Watu wa kwetu wasipoitwa hawasogei katikati. Wanasimama pembeni, na pembeni ndipo yeye alipopitisha mkasi.

Akampigia Aminiel.

"Picha inabidi ibaki nzima," alimwambia. "Kwenye kila kioo. Hata ikibaki ndogo."

"Irine, wiki hii tunawafungulia watu programu. Tusirudi kwenye mistari meusi, nakuomba. Ni weusi tu ule."

"Tunakata watu, Aminiel. Nimemkata baba yangu."

Akamsimulia yote, pamoja na mama na simu iliyolazwa kioo chini.

"Bibi yangu mimi," Aminiel alisema, "kwenye video zote za kwetu amesimama kizingitini na sinia. Sijui kama hata amewahi kuketi." Akakohoa. "Acha picha nzima. Anayetaka ijaze kioo, aivute mwenyewe kwa vidole. Na hiyo ya runinga, imalize hivyo hivyo."

Irine aliimaliza. Jumapili akawaalika Josephine na Octavian kutoka Nakwa, na Wiliam akaja na wanawe, watoto ambao babu yao walimjua kama picha ya ukutani. Marietha alipoona runinga inawashwa, aliinuka.

"Mimi nimeshaiona. Naangalia wali."

"Mama Wiliam," Josephine alisema, "nimetoka Nakwa kwa ajili ya harusi yangu, na wewe ndiye uliyepika. Utaniacha?"

Kwa heshima ya mgeni, Marietha akakaa. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, cha mtu anayeondoka. Irine alivuta kigoda pembeni, akiwa na rimoti. Runinga iliuliza kama waendelee pale mama alipoishia siku ile, na Irine akaikubalia, akarudisha nyuma kidogo tu. Wapishi walikuwa wanakuja wakipangusa mikono.

"Mbona runinga imekuwa ndogo?" Marietha aliuliza. "Ina weusi huku na huku."

"Ndivyo picha ilivyokuwa, mama. Sasa imekaa yote."

Sauti ya Nestory ikafoka kwamba watikisike. Kamera ikatulia. Na Irine, aliyeingoja dakika ile kwa hamu yote ya maisha yake, akagundua kwamba haitazami runinga. Alikuwa anamtazama mama yake. Kwa hiyo kuja kwa baba yake alikuona kwanza usoni kwa Marietha. Kinywa kilifunguka. Mkono, polepole, ukapanda begani.

Ndipo Irine akageuza macho. Mwanamume wa shati la maua alikuwa ameingia mbio kutoka kushoto, kijana kuliko Irine alivyo sasa, akamvuta mkewe kitenge, akamnong'oneza kitu, Marietha wa zamani akageuka akacheka. Kisha Nestory akatazama mbele na yeye mwenyewe, aliyewafokea wenzake, akakakamaa wima kama nguzo ya umeme. Wiliam alicheka kwa sauti iliyovunjika. Upepo ukapeperusha shati, na Nestory akatoka mbio.

Wali ulikuwa unaungua jikoni na hakuna aliyejali.

"Rudisha, Baba Wiliam," Marietha alisema.

Hakuna aliyemsahihisha, wala yeye mwenyewe hakujisahihisha. Irine alirudisha. Nestory akaingia tena mbio, akatengeneza kitenge, akakakamaa, na hapo Irine akasimamisha. Vitufe vikatoweka. Hakuna kilichoziba uso wa mtu.

Marietha aliinuka kwa taabu na magoti yake, akaenda mbele ya runinga. Akawaita wajukuu wasogee. Akaanza upande wa kulia kabisa, kwa kidole, bila haraka, akamtaja kila mpishi kwa jina, na kwao, na nani yupo na nani ameshatangulia. Akafika kwake mwenyewe. "Huyu ni mimi," alisema, "msinicheke, nilikuwa mwembamba." Kisha kidole kikasogea hadi mwisho wa mstari, kikagusa shati la maua.

"Na huyu ni babu yenu," aliwaambia. "Nilisema alikuja."

Irine alishika rimoti na kusubiri. Kidole cha mama yake kilikuwa bado hakijaondoka kwenye kioo.